Kasa akitaga ufukoni kwenu: namna ya kukilinda kiota

Mimi ni mlinzi wa viota Juani, Mafia. Nawaandikia vijana wa pwani wanaotaka kuanza kazi hii. Kwanza pateni ruhusa kwa maofisa wa uvuvi au wa hifadhi ya bahari; mayai ya kasa hayaguswi kiholela.

Pita ufukoni alfajiri, kabla watu hawajakanyaga. Kasa huacha mburuzo mpana kama wa tairi la trekta, wa kupanda na wa kushuka. Ukiona mchanga umefukuliwa na kurushwa huku na huko, huenda ametaga. Ukimkuta mwenyewe usiku, zima tochi, kaa nyuma yake, usimkate njia.

Sasa tazama mstari wa mwani na taka zilizoachwa na bamvua, yaani maji makuu ya bahari. Kiota kikiwa juu ya mstari huo, kiache hapo hapo. Wako wanaohamisha kila kiota. Sikubaliani nao hata kidogo. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: ukiwa wa moto hutoka majike, ukipoa hutoka madume. Tusiwachagulie.

Kikiwa chini ya mstari, kihamishwe mapema, saa chache tu baada ya kutagwa, na aliyefundishwa. Kila yai linyanyuliwe kwa vidole, upande wa juu ubaki juu, lilazwe ndooni kwenye mchanga mbichi. Kiinitete, yaani mtoto anayekua ndani ya yai, hujishika kwenye ganda. Ukiligeuza yai, kinakufa. Shimo jipya liwe na kina kile kile cha la mama.

Futa mburuzo kwa kuti ili wezi wa mayai wasiufuate. Pima umbali kutoka miti miwili ya mvinje, andika daftarini pamoja na tarehe. Watoto hutoka baada ya takriban miezi miwili, kwa kawaida usiku. Taa za karibu zizimwe, maana huufuata mwanga wakadhani ndiko bahari. Usiwabebe hadi majini, waache watembee.

Kazi hii inazaa matunda. Oktoba 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, lilimtoa kasa, yule wa kijani, kwenye kundi la walio hatarini duniani, na ulinzi wa fukwe za kutagia umechangia sana. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, bado yuko hatarini kabisa, kwa hiyo kiota chake kikipatikana, kilindwe usiku na mchana.

Siku chache baada ya watoto kutoka, fukua kiota kwa mikono, kamwe si kwa jembe: wengine hubaki chini hai, wamenaswa na mizizi. Wanasue, subiri jua lizame, kisha waachie mchangani.