Shahidi wa tabia kortini: kabla hujamwita

Sheria ya Ushahidi ya Uganda, iliyoanza kutumika mwaka 1909 kwa kufuata kwa karibu ile ya India ya 1872, inampa mshtakiwa wa jinai kitu ambacho upande wa mashtaka haupewi: ruhusa ya kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa tabia njema. Mwendesha mashtaka hawezi kuanza kesi kwa kusema huyu ni mwizi wa siku zote. Ila utetezi ukishautaja wema wa mshtakiwa, naye anapata nafasi ya kujibu, na jibu lake huwa ni faili la hukumu za zamani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumhoji mteja wako, tena kwa maneno yaliyopimwa. Usimuulize kama amewahi kufungwa. Aliyelipa faini akaenda zake nyumbani atakujibu hapana, na hatakuwa amekudanganya, maana gereza hajaliona. Muulize kama amewahi kusomewa shitaka lolote, katika korti gani, mwaka gani, kwa jina lipi, na yaliishaje. Kama kuna hukumu ya wizi na kesi ya leo ni ya wizi, achana kabisa na habari ya tabia.

Wengi huufungua mlango huu bila kujua. Tuseme kesi ni ya pikipiki iliyoibwa Mbale, na shahidi wa mashtaka ni jirani wa mshtakiwa. Wakili anamdodosa:

«Mmeishi jirani miaka mingapi?»
«Kumi.»
«Umewahi kusikia ameiba?»
«Hapana.»

Swali la pili limeshaleta ushahidi wa tabia njema, ingawa utetezi haujamwita shahidi hata mmoja. Kama ulitaka tu kuonyesha kwamba jirani anamfahamu vizuri, ungeishia kwenye miaka kumi.

Ukiwa na uhakika kwamba rekodi ni safi, tafuta shahidi anayemjua mshtakiwa katika jambo linalogusa shitaka. Aliyeshtakiwa kuiba fedha za chama cha akiba anamhitaji mtu aliyeona anavyoshika fedha za watu. Padri anayemwona Jumapili kwa Jumapili hatamsaidia sana. Mshtakiwa wa kosa la kupiga anahitaji mtu aliyemwona akichokozwa. Shahidi aeleze mambo mawili: sifa yake, yaani watu wanavyomsema, na silika yake, yaani alivyo kwa kawaida. Visa vimojavimoja haviruhusiwi. «Mwaka juzi aliokota pochi yangu akanirudishia» kitazuiwa, hata kama ndicho kisa kinachomgusa kila aliyemo chumbani. Mfundishe shahidi mapema aseme amemjua kwa muda gani, kwa njia gani, na kwamba hapo kijijini anajulikana kuwa mwaminifu. Basi.

Angalia na tafsiri. Kesi zinaendeshwa kwa Kiingereza, na Katiba, ibara ya 28, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti haki ya mkalimani bila malipo. Shahidi akisema «ni mtu wa watu», mkalimani anaweza kuandikisha kwamba mshtakiwa ana marafiki wengi, jambo lisilothibitisha lolote. Mwambie aseme wazi: ni mwaminifu, si mgomvi.

Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, huwachanganya watu. Wakati wa kuomba dhamana ina kazi, maana pale korti inataka kujua mtu anaishi wapi na kama wadhamini wake ni wa kweli. Kwenye kesi yenyewe, barua haiwezi kudodoswa. Mwenyekiti mwenyewe apande kizimbani na kula kiapo.

Kuna njia moja ambayo maovu ya nyuma huingia hata kama mshtakiwa hakusema neno juu ya tabia yake: pale yanapothibitisha kosa lenyewe, kama vile nia, au kwamba tukio halikuwa ajali. Kesi ya msingi ni ya Makin, mume na mke, iliyotoka Australia na kuamuliwa London mwaka 1893. Mtoto mchanga alikutwa amezikwa uani, na ikaruhusiwa kuonyesha kwamba miili ya watoto wengine ilifukuliwa katika nyumba ambazo wenzi hao waliwahi kuishi. Wa kwanza ungeweza kuitwa bahati mbaya. Mwendesha mashtaka akitaka kupita hapo, mtake aseme ni hoja gani hasa anayoithibitisha. «Ndivyo alivyo» haitoshi. Na akileta hukumu ya zamani, dai nakala iliyothibitishwa na korti iliyoitoa, pamoja na uthibitisho kwamba aliyehukumiwa ndiye huyu. Majina hufanana.

Tabia njema ina uzito pale ushahidi unapoyumba, mfano utambuzi wa usiku wa shahidi mmoja. Mtu aliyekamatwa na pikipiki ya wizi mkononi haitamwokoa.

Akitiwa hatiani, mambo yanageuka. Sasa mwendesha mashtaka anaulizwa rekodi ya mfungwa, na Miongozo ya Adhabu ya 2013 inahesabu kosa la kwanza na majuto kuwa sababu za kupunguza adhabu. Shahidi uliyemwacha nje kwa kuogopa faili, hapa ndipo mahali pake, na barua ya LC1 iwe mkononi.