Vuli ikifika, angalia mizizi kabla ya maua

Mvua za vuli zikianza tu hapa Nairobi, Oktoba hivi, kila mtu ghafla anakuwa mtu wa maua, unapita barabara ya Ngong au ya Kiambu unaona magari yamepaki kando na watu wanabeba chochote kilichochanua. Leo naongea na wale wamechoka na bogenvilia na vile vimea kila ploti iko navyo, mnataka kitu cha tofauti, kitu cha kudumu ambacho kitarudi chenyewe mwaka hadi mwaka.

Kwanza msimu. Kule Ulaya watu hupanda vitu kama hivi majani yakianza kupukutika, kwa sababu udongo bado una joto na mmea unawahi kutia mizizi kabla baridi haijakaza. Sisi huku baridi ya Julai si shida sana, shida ni lile jua la Januari na Februari. Mche ukiuweka chini Oktoba mvua ikishashika, unapata kama miezi miwili ya kushusha mizizi, lakini ukingoja mpaka katikati ya Desemba ati ndio umepata likizo, jua litaukuta bado na mizizi ya kwenye tyubu, ule mfuko wa nailoni wa miche. Na vuli yenyewe usiiamini hivyo, 2022 mvua ilikuwa haba, 2023 ikamwagika mpaka mafuriko, kwa hivyo ndoo ya maji iwe karibu na mtaro wa kutoa maji pia uwe tayari.

Sasa ukifika nasari, pale wanapouza miche, usikimbilie ule mche wenye maua. Mche wenye maua umeshatumia nguvu zake, na mara nyingi umekaa kwenye tyubu muda mrefu. Muombe mwenye miche aufinye pole pole autoe uone mizizi, wengi hawakatai ukiomba kwa heshima. Mimi niliwahi kukataa kusumbua mtu, nikalipa nikaenda, kufika nyumbani nachana nailoni napata mizizi imejizungusha kama ngata ya kubebea maji, udongo wenyewe karibu umeisha. Mche kama huo ukiupanda hivyo hivyo unaendelea kujizungusha hapo hapo ndani ya shimo, unakaa mwaka mzima haukui haufi. Unachotaka ni mizizi myeupe au ya rangi ya maziwa iliyofika ukingoni tu. Ukiona vifundo vifundo kwenye mizizi hiyo ni minyoo fundo, rudisha, maana ukiibeba umeileta kwa shamba lako na kuitoa ni kazi. Vitu vyeupe kama pamba kwenye shina au mizizi, pia rudisha.

Halafu jina. Huku kwa nasari za barabarani kila mmea wenye kitunguu, si cha kupika, ni kile kiini kinene cha chini ya udongo ambacho mmea unachipukia, unaitwa lili. "Hii ni nini bosi?" "Hiyo ni lili." "Na hii?" "Hiyo ni lili ingine." Uliza inakaa wapi, juani ama kivulini, na je, hulala kiangazi, yaani hukauka juu ikabaki chini ya udongo tu. Mwenye kuukuza mwenyewe atakujibu, aliyeununua jana kwa mwenzake ataanza kutafuta maneno.

Ukiniuliza nianze na gani, nitasema anza na za hapa hapa Afrika Mashariki, ambazo cha ajabu ndizo majirani hawana. Kuna Scadoxus, lile ua jekundu la duara kama mpira, linachomoza mvua zikianza na mara nyingine hata kabla majani hayajatoka vizuri. Linapenda kivuli cha mti, na kitunguu chake usikizike sana, shingo iwe usawa wa udongo. Kuna Gloriosa, inapanda kwa ncha za majani yake zinazojikunja kama vidole, maua mekundu yenye ukingo wa njano. Kiazi chake kina mikono miwili kama herufi V, na chipukizi iko kwa ncha, kwa hivyo ukivunja ncha umeharibu. Kilaze kwa ubavu, sentimita 5 mpaka 10 chini. Lakini kina sumu kali, mmea wote, hasa hicho kiazi, kama uko na watoto wadogo au mbwa anayechimba chimba afadhali uache kabisa. Sehemu yako ikiwa na unyevu tafuta Kniphofia thomsonii, ya huko juu Aberdare na Mlima Kenya, ndege wa chozi watakuja wenyewe kunyonya maua yake.

Mshubiri wa porini na okidi, uliza kabla ya kulipa. Ukiona mizizi imekatwa kwa panga jana na udongo wa porini bado umeshikilia, huo umeng'olewa tu mahali, na spishi nyingi za hizi biashara yake inadhibitiwa kimataifa. Na kama una dada Uingereza anataka kukutumia vitunguu vya maua kwa begi, lazima upate kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea, kabla havijasafiri, na ukweli ni kwamba tulipu na piyoni zinahitaji baridi ya kweli ndio zichanue, huku utapata majani tu.

Udongo. Wa Ruaka na Kawangware, ule mwekundu, unamwaga maji vizuri, ongeza samadi iliyooza na umemaliza. Wa Embakasi na Utawala, ule mweusi unaonata, hapo ndipo watu wanapoteza pesa, wanachimba shimo zuri wanajaza udongo wa kununua, kumbe wametengeneza karai, mvua ikinyesha maji yanaingia hapo hayana pa kutokea na kitunguu kinaoza. Inua tuta, sentimita 30 hivi, changanya na kokoto na samadi, panda juu yake. Na ukitoka asubuhi baada ya mvua angalia konokono, na viwavi weusi wenye madoadoa, wanaingia ndani ya majani ya hizi lili wanakula mpaka kitunguu. Mimi nawatoa kwa mkono.

Kitu cha mwisho, na hapa ndio wengi wanapotea. Kiangazi kikikaza Scadoxus na Gloriosa zinakauka zinapotea kabisa juu ya ardhi. Hazijakufa, zimelala, na ukiendelea kumwagia maji ndio utaziozesha. Weka kijiti na jina. Mimi sikuweka, mzee anayenisaidia bustani akaona pahali tupu, akalima, akapanda sukuma wiki. Sikusema kitu. Masika yaliposhika, katikati ya mstari wake wa tatu ikachomoza ngumi moja nyekundu, na yeye ndiye alikuja kuniita niende nikaone.