Jinsi ya kusikiliza onyesho la metali progresivu ukiwa umesimama ukumbini

Anza na tiketi. Dream Theater, bendi ya metali progresivu (roki nzito yenye nyimbo ndefu na mapigo yanayobadilika) iliyoanzishwa Boston mwaka 1985, mara nyingi hufanya ziara zisizo na bendi ya kutangulia: wao peke yao, kwa muda wa karibu saa 3, na mapumziko katikati. Ziara ya kutimiza miaka 40, iliyoanza London Oktoba 2024 Mike Portnoy akiwa amerudi kwenye dramsi, ilikuwa ya namna hiyo. Ukichelewa nusu saa umeshakosa nyimbo kadhaa. Kula kabla, vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, na uangalie treni ya mwisho inaondoka lini.

Kisha masikio, na hapa usifanye mzaha. Kiwango cha usalama kazini kinachopendekezwa Marekani ni desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa muda wa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 100, ambazo ni kawaida ukumbini, zinakupa dakika 15 tu. Vizibo vya sponji vinalinda, ila vinakata sauti za juu kuliko za chini, na muziki unakuwa kama unatoka chumba cha pili. Nunua vizibo vyenye kichujio, vinavyopunguza desibeli 15 hadi 20 karibu kwa usawa, ili matoazi na kinanda visipotee. Kuvivaa: pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, sukuma kizibo taratibu. Sema neno moja. Sauti yako ikivuma nzito ndani ya kichwa, kimekaa. Ukiimba, taya linakilegeza, kwa hiyo kikague kati ya wimbo na wimbo.

Pa kusimama: karibu na meza ya fundi wa sauti, mbele yake kidogo. Fundi anapanga sauti kwa masikio yake, na wewe utasikia anachosikia. Safu ya kwanza ina raha ya kuona vidole, lakini spika kubwa zilizoning'inizwa zinakupita juu ya kichwa. Bendi nyingi za sasa hazina tena maspika ya gitaa jukwaani, kwa hiyo pale mbele unaweza kusikia matoazi mengi na mwimbaji kidogo. Besi nayo ina tabia yake. Sabwufa, yaani spika za sauti nzito, zikiwa kushoto na kulia, mawimbi yake hujumlishana kwenye mstari wa katikati na kufutana sehemu fulani za pembeni. Besi ikikupotea, sogea hatua mbili tatu kabla ya kumlaumu fundi.

Sasa mapigo, ambayo ndiyo utamu wenyewe. Ukipigwa muziki wa saba kwa nane, yaani wenye mapigo saba kila mzunguko, usihesabu hadi saba, utachelewa. Gawa: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Tikisa kichwa kwenye kila "moja". Unapata mitikiso mitatu, wa mwisho mrefu kidogo, na mwili unauelewa ndani ya mizunguko michache. Mgawanyo ukiwa mwingine, ule mrefu ukatangulia kwa mfano, utahisi kichwa kinafika kabla ya sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Hamisha tatu yako hadi vikutane.

Meshuggah wa Uswidi wanataka mbinu nyingine. Magitaa na kiki, ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, vinazunguka kwa idadi isiyo sawa, huku toazi na sneya mara nyingi zikishika nne kwa nne. Ukifuata gitaa utapotea. Mtazame mpiga dramsi mkono ulio kwenye toazi, tikisa kichwa kwa huo, na uache magitaa yakupite. Mara nyingi zamu ya mwisho ya gitaa hufupishwa ili wote waangukie pamoja mwanzo wa fungu jipya, na ukiwa umeshika toazi utalisikia lile anguko kifuani. Hakuna kitu kinacholipa subira ya msikilizaji kama hicho.

Kupiga makofi ni hatari ukiwa nyuma. Sauti huenda takriban mita 343 kwa sekunde. Aliye mita 34 kutoka kwenye spika anasikia pigo sehemu ya kumi ya sekunde baadaye, na kofi lake linachelewa tena kurudi jukwaani. Kwenye sehemu ngumu, acha mikono itulie. Sehemu za gitaa tupu zisizo na dramsi zinastahili ukimya kamili, bila hata kunong'ona.

Duara la kusukumana likifunguka, ama ingia ama rudi nyuma. Usisimame ukingoni na kinywaji. Aliyeanguka anainuliwa papo hapo. Miwani na simu viwe kwenye mfuko wenye zipu. Bendi nyingine, kama Tool, zimekuwa zikikataza simu, mara nyingi hadi wimbo wa mwisho. Ukikaidi utatolewa nje.

Usiku huo usivae tena spika za masikioni njiani. Masikio yakiendelea kulia zaidi ya siku moja au mbili, nenda kwa daktari wa masikio mapema.