Kazi mpya hotelini na ushaanza kuchimbwa? Fanya hivi

Umeajiriwa hoteli ya Nungwi au Paje hapa Zanzibar, hata hujazoea njia ya stoo, zamu ishabadilishwa huambiwi, ukiuliza unajibiwa "si msomi wewe". Ubaya wake huu: unaogopa kuuliza, usipouliza unakosea kweli, ukikosea ndo wanapata la kumpelekea meneja, na wewe mwenyewe unaanza kuamini hujui kazi.

Kwanza pima, utani wa mgeni upo kila pahala na unaisha, fitina haiishi. Ukiagizwa kwa mdomo, rudisha kwa WhatsApp hapohapo: "Kaka, umesema vyumba vitatu kabla ya saa nane, ndo hivo?" Hapo hakuna wa kukukana. Tafuta mkongwe mmoja, wa jikoni au dobi ndo wanaojua siri zote, muulize yeye. Majungu ya wengine usiyatie mdomo, yatarudi na jina lako.

Ikizidi nenda kwa supavaiza na tarehe na meseji, usiende kulia tu. Bado? Kamisheni ya Kazi ipo, ofisi ya serikali ya mambo ya wafanyakazi, na ushauri wa jamaa wa Dar uchuje, Zanzibar tuna Sheria ya Ajira yetu, namba 11 ya 2005.