Kuingiza akili mnemba ofisini: anza na utulivu wa kiongozi

Kabla ya kikao cha kwanza na wafanyakazi, zima simu, kaa dakika tatu, fuatilia pumzi inavyoingia na kutoka. Kisha jiulize: nakitaka chombo hiki cha akili mnemba (AI), yaani programu inayoandika maandishi yenyewe, kwa sababu kuna kazi inayotukwamisha, au kwa sababu ofisi ya jirani wanacho? Ukikosa jibu la wazi, ahirisha.

Kikaoni, sikiliza kwanza. Swali walilo nalo wengi kifuani ni kama watapoteza ajira. Lijibu kwa kile unachokijua, na usiahidi usichoweza kutimiza. Hofu isiposikilizwa, watu hutumia programu hizo kwa siri kwenye simu zao, nawe hutajua ni taarifa gani zimetoka nje.

Chagueni kazi moja, mathalani muhtasari wa vikao, muwape watu watatu waifanye kwa chombo hicho kwa wiki nne. Pigeni marufuku kubandika humo majina ya wateja, namba za vitambulisho, mishahara na taarifa za matibabu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022; zote zinamgusa mwajiri.

Ugumu uko kwenye ukaguzi. Mashine huandika kwa ufasaha hata inapokosea, na jicho lililochoka huuamini ufasaha. Kwa hiyo rasimu isitumwe papo hapo. Mkaguzi aondoe mikono kwenye kibodi, avute pumzi mara tano polepole, ndipo asome kwa sauti akilinganisha na kumbukumbu za kikao: majina, tarakimu, tarehe, saa. Saa hasa! "Saa tatu asubuhi" ikitafsiriwa inaweza kuwa 3:00, kumbe ni 9:00, na mgeni akakosa kikao. Sheria au hukumu yoyote iliyotajwa itafutwe kwenye chanzo chake. Mwaka 2023, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, mahakama ya New York iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT, mojawapo ya programu za akili mnemba.

Wekeni daftari moja la makosa: kosa lenyewe, na dakika zilizotumika kulirekebisha. Kiongozi aandike ya kwake mwanzo, wengine wapate ujasiri. Wiki ya nne jumlisheni. Ikiwa kukagua kunakula muda kuliko kuandika wenyewe, acheni, mjaribu kazi nyingine. Na muda uliookolewa usiujaze majukumu mapya mara moja, maana hapo ndipo watu huanza kuruka ukaguzi.