Kuweka tinti kwenye taa za nyuma nyumbani, na gari likabaki halali barabarani

Tinti ya taa haiongezi kitu, inapunguza mwanga. Kwa hiyo kazi hii haianzi kwa kuchagua weusi unaopendeza, bali kwa kujua taa zako zina mwanga kiasi gani wa kupunguza. Probox au Vitz iliyotoka Japani ikiwa na miaka minane, kisha ikapigwa jua la Dar es Salaam au Mombasa miaka mingine mitano, plastiki ya taa imeshapauka na globu zimeshaingia weusi ndani. Ukiibandika filamu nzito juu ya hapo, anayekufuata saa sita mchana hajui umekanyaga breki mpaka akufikie.

Tuanze na sheria. Tanzania ina Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na Kenya ina Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kinachotakiwa nyuma ya gari ni kilekile pande zote mbili: taa nyekundu zinazowaka na kuonekana, pamoja na rifleketa nyekundu, yaani sehemu inayorudisha mwanga wa gari lingine. Kwa umbali wa kuonekana, vipimo vyema vya kufanyia kazi viko kwenye Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani: taa ndogo za nyuma zionekane usiku kwa mita 300 hali ya hewa ikiwa safi, na rifleketa zionekane kwa mita 150 zikimulikwa na taa kamili za gari lingine. Ukaguzi wa Japani nao unatumia mita 300 kwa taa ndogo na mita 150 kwa rifleketa, na unaongeza kwamba breki zionekane mchana kwa mita 100. Gari lako lilitengenezwa kufaulu vipimo hivyo, basi lifaulu vilevile baada ya tinti.

Upande wa nguvu ya mwanga, kanuni namba 7 ya Umoja wa Mataifa inataka taa ndogo ya nyuma itoe angalau kandela 4 (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga) ikitazamwa moja kwa moja, na taa ya breki angalau kandela 60. Hesabu yake ni nyepesi. Filamu inayopitisha asilimia 35 ya mwanga inahitaji taa ya breki yenye kandela zaidi ya 171 ili zibaki 60. Filamu inayopitisha asilimia 70 inahitaji 86 tu. Usishuke chini ya asilimia 60, na kama taa zako ni za zamani, baki kwenye 70.

Wanaoendesha Ulaya wana mambo mengine. Ujerumani, kubandika au kupulizia chochote juu ya taa iliyoidhinishwa kunaifutia taa hiyo idhini yake, hata tinti iwe nyepesi vipi. Uingereza, gari linaweza kuanguka kwenye MOT, ukaguzi wa gari wa kila mwaka, kwa filamu inayofifisha taa. Marekani kila jimbo lina lake juu ya kiwango cha taifa, FMVSS 108. Huko mtu anunue taa nzima zilizotoka kiwandani zikiwa za moshi, yaani za rangi ya weusi weusi, na zenye alama ya idhini, aachane na filamu.

Rifleketa ndiyo wengi hawaifikirii

Ndani ya taa nyingi za nyuma kuna eneo lenye vijipembe vidogo vidogo kama sega. Hiyo ndiyo rifleketa. Gari likizimika usiku barabarani na betri imekufa, hiyo peke yake ndiyo inayomwambia dereva wa lori kwamba mbele kuna kitu. Mwanga wake unapita kwenye filamu mara mbili, kwenda na kurudi. Kwa hiyo filamu ya asilimia 60 inaiachia rifleketa asilimia 36, na ya asilimia 35 inaiachia 12 tu.

Kwa hiyo usiifunike. Angalia kwanza iko wapi, maana kwenye baadhi ya magari imehamishiwa kwenye bampa, na hapo taa yote ya juu iko huru. Kama imo ndani ya taa, kata dirisha kwenye filamu. Ukiona dirisha litaharibu sura, funga rifleketa mbili za ziada kwenye bampa, nyekundu, za duara au mstatili, moja kila upande na kwa kimo kimoja. Usinunue za pembetatu. Hizo ni alama ya trela.

Taa za rivasi na indiketa nazo ziache wazi. Rivasi ndiyo inayokuonyesha ukuta na mtoto gizani, na indiketa ya chungwa chini ya moshi inageuka kahawia ambayo mchana haisomeki.

Filamu, siyo spreyi

Spreyi ya moshi inauzwa na inatumika, lakini haivuliwi. Kioo cha taa ya nyuma kwa kawaida ni akriliki, aina ya plastiki ngumu, na akriliki ikiguswa na thina, petroli au asetoni inatoa mipasuko myembamba kama utando wa buibui ambayo haipolishiki ikatoka. Yaani siku trafiki au mkaguzi atakapokwambia ondoa, njia iliyobaki ni msasa na polishi kwa saa kadhaa, au taa mpya. Isitoshe, mkono ukikaa sekunde moja zaidi upande wa kushoto, taa mbili zinatoka na weusi tofauti.

Nunua filamu ya vinili ya kubandika taa, inayonyooka kwa joto. Ya TPU, plastiki inayonyumbulika kama mpira, ni bora na ghali zaidi. Tinti ya vioo vya milango haifai kabisa: ni poliesta, hainyooki kwenye mikunjo, na kila kona itakupa vidole vya filamu vilivyosimama. Kwa gari dogo, kipande cha sentimita 30 kwa 120 kinatosha taa zote mbili na kubakiza cha kurekebishia.

Usiamini jina la dukani. "Moshi mwepesi" wa muuzaji mmoja ni mzito wa mwingine. Pima mwenyewe: weka programu ya kupimia lux (kiasi cha mwanga) kwenye simu, ingia chumba cha giza, simamisha tochi sentimita 30 juu ya kihisi cha mwanga cha simu (kiko juu, karibu na kamera ya mbele), soma namba. Kisha weka kipande cha filamu juu ya kihisi bila kusogeza chochote na usome tena. Ikitoka 800 ikawa 560, filamu inapitisha asilimia 70. Namba za simu zenyewe si sahihi sana, ila uwiano unakutosha.

Ongeza mwanga kabla ya kuupunguza

Badilisha globu zilizoingia weusi, kwa aina na wati zilezile zilizoandikwa kwenye holda. Toyota nyingi hutumia W21/5W isiyo na kitako cha chuma. Usiweke ya wati kubwa zaidi. Joto lake linayeyusha holda, na akriliki inavimba.

Kisha pima umeme kwenye holda injini ikiwa inawaka na breki imekanyagwa. Mwanga wa globu ya waya unashuka haraka kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti umepoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Betri ikisoma volti 13.8 na holda ikasoma 12.4, umeshapoteza kiasi hicho kabla hujabandika kitu, na mara nyingi kosa ni waya hasi ulioshika kutu pale unapofungwa kwenye bodi. Fungua boliti yake, suguasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, rudisha.

LED zinavutia, ila zina mitego. Kioo kikiwa chekundu, chukua LED nyekundu. Nyeupe inapita ikiwa na rangi ya waridi na nguvu kidogo. Washa taa ndogo, kisha kanyaga breki: kama tofauti haionekani waziwazi, hiyo LED haifai, hata iwe kali namna gani, kwa sababu anayekufuata atadhani umewasha taa ndogo tu.

Kioo kilichopauka kipolishiwe kwanza. Msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, kisha polishi ya plastiki kwa kitambaa laini.

Kubandika

Fanya asubuhi, kivulini, kioo kikiwa cha baridi mkononi. Saa saba mchana kioo kina moto, gundi inashika kabla hujainyoosha. Upepo wa vumbi nao ni adui. Chembe moja chini ya filamu inaonekana usiku kama tone jeusi.

Ni rahisi zaidi taa ikiwa mezani. Fungua buti, toa kifuniko cha plastiki, legeza nati au boliti (kwa kawaida spana namba 10), kisha vuta taa moja kwa moja kuelekea nyuma, maana kuna pini zilizoshikwa na klipu ubavuni. Ukiipindisha pini inavunjika. Angalia sponji inayozunguka taa: kama imechanika ibadilishe sasa, la sivyo maji yataingia buti msimu wa mvua na utalaumu filamu.

Osha kwa sabuni na maji, kausha. Kunjo lenye nta au polishi lipitishie kitambaa chenye sabuni mara mbili zaidi, maana hapo ndipo filamu hufunguka. Usitumie spiriti kali kwenye akriliki.

Chora umbo la taa kwenye karatasi, pamoja na madirisha ya rifleketa, rivasi na indiketa. Hamishia kwenye filamu na ukate madirisha mezani, milimita 2 nje ya mpaka wa kila sehemu, huku pembe ukizizungusha. Pembe kali ndiyo inayoanza kuchanika. Nje acha ziada ya sentimita 3 hadi 5.

Sasa angalia mgongo wa filamu. Kama gundi ina mifereji midogo ya kutoa hewa, bandika kavu. Ukiipulizia maji yanabaki kwenye mifereji na taa inakuwa ya maziwamaziwa kwa wiki. Kama gundi ni laini tupu, tumia lita 1 ya maji na matone 5 ya shampuu ya mtoto kwenye chupa ya kupulizia, ukilowesha kioo na gundi.

Anzia katikati, mahali palipo tambarare. Linganisha madirisha kwanza, kisha sukuma kwa skwiji (kibao cha kusukumia filamu) iliyofungwa kitambaa, kutoka katikati kwenda nje, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Ukifika kwenye mkunjo, pasha filamu kwa drai ya nywele au bunduki ya hewa moto, sentimita 15 hadi 20 mbali, mkono ukitembea. Filamu ikilegea ivute kwa vidole viwili polepole, ishikilie mpaka ipoe, ndipo usukume. Filamu ikijikunja, mkunjo huo hauondoki kwa kuusukuma. Inua filamu mpaka uvuke mkunjo, pasha, vuta upya. Filamu iliyovutwa sana inakuwa nyepesi pale na baadaye inarudi nyuma, ikiacha ukingo wenye gundi unaokamata vumbi.

Pembeni, zungusha filamu kama milimita 5 nyuma ya ukingo wa kioo ikiwa umetoa taa. Kata ziada nyuma, si usoni. Mwisho pasha kingo zote, joto liwe la kuvumilika kwa mkono: akriliki inaanza kulegea karibu na nyuzi 90, na taa iliyopinda hairudi kwenye nafasi yake.

Viputo vidogo vitoboe kwa sindano pembeni na ukandamize. Usioshe gari kwa saa 48. Kwenye kaoshi, mwambie kijana aweke bomba la presha angalau sentimita 30 mbali na asielekeze ukingoni.

Jaribio kabla ya taa ya pili

Bandika taa moja tu, irudishe kwenye gari, halafu pima. Kipimo kigumu ni jua likiwa chini na likiangalia mgongo wa gari, kama saa kumi alasiri. Simama mita 100 nyuma, mtu akanyage breki na kuachia bila kukwambia lini. Ukikosea au ukisita kwenye taa yenye filamu wakati ile tupu unaiona, filamu ni nzito, ivue.

Usiku rudi mita 300 uangalie taa ndogo. Kisha zima gari kabisa, limulike na gari lingine kwa taa kamili kutoka mita 150, na rifleketa zote mbili zirudishe wekundu ulio sawa. Yote yakikubali, bandika upande wa pili kutoka kipande kilekile cha filamu. Roli mbili tofauti huweza kutofautiana rangi.

Vinili isikae zaidi ya miaka 2 au 3 kwenye jua la pwani. Ikizidi inakauka na kutoka vipande vipande. Kuivua, ipashe kidogo, shika pembe, ivute ikilala karibu na kioo na si kwa kuisimamisha. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia, subiri dakika 10, futa, osha kwa sabuni. Thina usiiguse.