Kukusanya Seli Shina za Mgonjwa wa Mailoma Pasipo Mtambo wa Kugandisha

Kila panapozungumzwa upandikizaji wa uloto, yaani uboho wa mifupa unaotengeneza damu, kikwazo kinachotajwa kwanza ni ukosefu wa mtambo wa kugandisha seli kwa nitrojeni. Kwa mgonjwa wa mailoma, saratani ya seli za uloto, anayerudishiwa seli shina zake mwenyewe, yaani seli mama za damu, kikwazo hicho kinaepukika, kama ilivyoonekana Meksiko na India, kwa sababu melfalani, dawa kali ya saratani inayotangulia kurudisha seli, hutolewa kwa siku moja tu, na seli zinaweza kusubiri katika jokofu la benki ya damu, kwenye nyuzijoto 4, hadi saa 72. Kinachotakiwa ni kuzipanga siku kwa uangalifu.

Mgonjwa anayetumia lenalidomidi, dawa ya kutibu mailoma, akusanyiwe seli mapema, baada ya mizunguko 4 hivi ya matibabu, kwa kuwa dawa hiyo ikitumika muda mrefu hupunguza mavuno. Aiache wiki 2 hadi 4 kabla ya sindano za filigrastimu, dawa inayozitoa seli shina katika uloto ziingie kwenye damu.

Filigrastimu, mikrogramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ianze Alhamisi, ili siku ya tano, ambayo ndiyo ya kukusanya, iwe Jumatatu, maabara ikiwa na watu wake wote. Mgonjwa wa kilo 60 atahitaji mikrogramu 600, yaani sindano mbili za 300. Aambiwe mapema kwamba kiuno na kifua vitauma, na kwamba hiyo ni dalili ya uloto kufanya kazi. Anywe parasetamoli, wala asinunue diklofenaki dukani, maana figo za mwenye mailoma haziihimili. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, ilipo bandama, yamrudishe hospitalini usiku huohuo.

Asubuhi ya Jumatatu pimeni katika damu seli za CD34, yaani zenye alama inayotambulisha seli shina. Zikifika 20 kwa kila mikrolita, anzeni; zikiwa chini ya 10, subirini kesho, badala ya kupoteza seti ya mirija ya mashine inayochuja seli hizo kutoka kwenye damu, ambayo ni ghali mno. Baadhi ya mashine zilizonunuliwa kuhesabu CD4 za wagonjwa wa VVU huweza kuhesabu CD34 pia zikipewa vitendanishi vyake, kwa hiyo ulizeni kwanza jirani. Kagueni pia mikono yote miwili: mishipa mizuri ya kiwiko humwepusha mgonjwa na katheta ya shingoni, gharama yake na hatari yake.

Mashine ikiendelea, mgonjwa akisema midomo inamchonyota, sitreti, dawa ya kuzuia damu isigande mashineni, imeshusha kalsiamu. Punguzeni kasi, mpeni kalsiamu, msingoje vidole vikakamae.

Seli za CD34 zilizokusanywa zisipungue milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Zisipotimia, rudieni Jumanne. Melfalani isitolewe kabla hesabu hiyo haijaandikwa kwenye faili, kwa sababu ikishaingia mwilini, mgonjwa asiye na seli za kutosha jokofuni yumo hatarini kupoteza maisha. Itolewe Jumanne jioni, na seli zirudishwe Alhamisi asubuhi, mfuko wa Jumatatu ukitangulia, wauguzi wawili wakisoma kwa sauti jina na namba kabla ya kufungua mpira.